Nusu Kichwa

Sikio langu la kushoto lina pengo dogo kwa juu, na pengo hilo alilitia mkwe wangu kwa wembe, asubuhi ya harusi ya kitindamimba wangu. Kwenye picha zote za siku ile bwana harusi amependeza, bibi harusi amependeza, na mimi nimesimama kando yao na plasta kubwa sikioni kama mtu aliyeamulia ugomvi usiomhusu. Mke wangu amezitundika sebuleni. Nimemwambia azitoe, anasema mbona umetoka vizuri.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, ni kinyozi, tena si kinyozi wa kubahatisha. Watu walikuwa wanaruka vinyozi wengine njiani kumfuata yeye. Chumba anachofanyia kazi ni changu, kipo mbele ya nyumba yangu, na ndani yake kuna kiti kimoja kizito cha chuma na ngozi ambacho nilikileta kwa lori nilipokuwa bado barabarani. Nimeendesha malori makubwa maisha yangu yote, mpaka magoti yaliponistaafisha. Nasema hivyo ili mjue mnazungumza na nani nikisema gari, na nina maana gani nikisema barabara.

Pombe ilianza jioni, ikahamia mchana, mwisho ikawa mtu anazimua asubuhi ili mikono itulie ashike mashine. Katikati kulikuwa na siku ambazo hakutoka kitandani kabisa. Hali chakula, haogi, ukimuuliza anaumwa nini anasema hajui, kila kitu kimekuwa kizito. Mimi nikasema huo ni uvivu, tena sikusema chini chini. Asubuhi ya harusi niliuona mkono wake unacheza. Nikamwambia, "Acha, mwanangu, nitakwenda hivi hivi." Akanijibu, "Naweza, baba. Naweza." Neno hilo ndilo lililonikata sikio.

Wiki ile ile binti yangu alimpeleka hospitali, wakamlaza wodi ya watu wenye uraibu na maradhi ya akili. Na mimi tangu hapo sikumpa kinyozi yeyote kichwa changu. Nywele ziliota, mvi zikajaa pande zote, mke wangu akaanza kuniita msitu.

Sasa, ile Jumamosi tuliyoitwa na hospitali kwenda kumwona, mfukoni nilikuwa na ufunguo wa kile chumba. Nilikuwa nimeshamwahidi kinyozi mwingine, bwana mmoja anayevaa miwani myeusi hata akiwa ndani, kwa hiyo sote tunamwita Miwani. Jioni ile angekuja kuuchukua. Binti yangu alijua, na njia nzima alikuwa anampigia debe mumewe.

"Baba, mwangalie kwanza."

"Nitamwangalia. Kisha nitamwambia mwenyewe. Sitaki ayasikie kwa watu."

"Ukimwambia kiti hakipo, akitoka hapa anakwenda kukaa wapi? Kilabuni?"

"Viti viko vingi duniani."

Akageukia dirisha la basi, akanipa kisogo. Kisogo cha binti yangu ni cha mama yake mtupu, kinakupigia kelele mpaka unatafuta pa kutazama.

Mlangoni mlinzi alinipekua kama mwizi. Akanitoa chupa yangu ya dawa ya kikohozi.

"Hii haiingii, mzee. Ina kilevi."

"Hiyo ni ya kifua changu!"

"Kifua chako kitaikuta hapa ukitoka." Akaiweka kwenye kisanduku, kando ya marashi ya mama mmoja na maji ya kusafishia mdomo ya bwana mmoja aliyekuwa kakunja uso kuliko mimi. Angalau sikuwa peke yangu.

Wodi yenyewe haikuwa nilivyodhani. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele na minyororo, na nilichokuta ni korido iliyopigwa deki inanukia dawa, viti vya plastiki, televisheni juu ukutani, na watu waliovaa ndala wakibishana kuhusu mpira. Madirisha yalifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Sista mwenye funguo kiunoni alikuwa anagawa dawa kwenye vikombe vidogo, na kila aliyemeza alimwambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Nilipopita akanitazama vile vile. Kidogo niinue ulimi.

Daktari alitupokea ofisini kwake. Alikuwa mdogo, umri wa kuwa mjukuu wangu, ila alizungumza taratibu na hakutazama simu hata mara moja, nikampa alama kwa hilo. Alisema mkwe wangu alikuwa na magonjwa mawili, si moja. Kuna uraibu wa pombe, na kuna sonona, ile huzuni nzito inayomlaza mtu kitandani mchana kweupe. Alikuwa anakunywa ili kuituliza sonona, na pombe nayo inaichochea, ndiyo maana wanayatibu yote kwa pamoja. Siku za kwanza walimpa dawa ili mwili uiache pombe bila kumdhuru. Sasa yupo kwenye dawa za sonona, na kila siku anakaa na mshauri wanazungumza.

"Wanazungumza nini kila siku?" nikauliza. "Huyu bwana nyumbani hata salamu ilikuwa kwa kumdai."

"Kwanza alijifunza kusema hapana," daktari akasema. "Kisha akajifunza kusema siwezi. Hilo la pili limemchukua muda mrefu zaidi."

Nikaona mtoto wa watu kasoma mpaka kapitiliza. Mwanamume anafundishwa kusema siwezi? Nikaupapasa ufunguo mfukoni, nikafungua mdomo niseme langu, na binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Ana kisigino yule mtoto.

"Twendeni karakana," daktari akasema, nami nikanyanyuka nikichechemea.

Karakana ilikuwa chumba kikubwa mwisho wa korido. Ukutani vilitundikwa makasi, koleo, misumeno midogo na vifaa vingine, na kila kimoja kimechorewa umbo lake kwa rangi nyuma yake, ili kikikosekana pengo lionekane mara moja. Msimamizi alikuwa mama mnene mwenye aproni, wagonjwa wanamwita Mama Karakana. Alitueleza utaratibu wao: anayekaribia kutoka anafanya kazi yake ya kawaida pale, mbele ya ndugu zake. Fundi cherehani anashona, mpishi anapika, mwalimu anasimama ubaoni.

"Kama kuna kitu cha kuharibika," akasema, "kiharibikie hapa, kwenye watu wanaojua la kufanya."

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mbao, kitambaa cheupe begani, mashine mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo, na macho yamekuwa meupe. Alinisalimu, "Shikamoo, baba," macho yake yakaenda kwenye sikio langu, yakakimbilia chini.

"Marahaba."

Tukaishia hapo. Binti yangu alimshika mkono, wakasimama hivyo kidogo, nami nikajifanya nasoma tangazo la kunawa mikono.

"Haya," Mama Karakana akasema. "Nani ananyolewa?"

Wallahi chumba kizima kilipata shughuli. Mmoja akakumbuka hajanywa maji. Mwingine akasema yeye amenyolewa juzi, ingawa kichwa chake kilimkana waziwazi. Walikuwa wanampenda, ilionekana, lakini habari za sikio langu zilikuwa zimefika kabla yangu. Mzee mmoja waliyemchagua kuongoza mkutano wa wodi kila asubuhi, wanamwita Mwenyekiti, alivua kofia akatuonyesha upara unaong'aa.

"Ningekaa, ndugu zangu," akasema kwa huzuni. "Mungu ameniwahi."

Watu wakacheka. Mkwe wangu naye alicheka, lakini nikaona anakikunja na kukikunjua kile kitambaa cheupe. Kiti kilibaki kitupu, na kadiri kilivyobaki kitupu ndivyo alivyozidi kusinyaa. Nilijiambia hayanihusu. Kwa kweli nilijiambia kwamba sasa kazi imekuwa rahisi, kwamba mtu ambaye hata wenzake wa wodini hawampi kichwa, mimi ni nani nimpe chumba.

Hapo binti yangu akavua kilemba.

Ana nywele ndefu yule mtoto, za nyanya yake, alizozilea tangu shule. Akakaa kwenye kile kiti, akajiweka sawa, akamwambia mumewe, "Ninyoe."

"Mke wangu, usifanye hivyo," mkwe wangu akasema.

"Zote. Zitaota."

"Wewe!" nikafoka. "Ondoka hapo!"

"Basi nani atakaa, baba?"

Aliniuliza akinitazama kwenye kioo kilichowekwa mbele ya kiti, kioo cha plastiki wanachokitumia kwa sababu hakivunjiki, sura yake imepinda kidogo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na kidevu amekiinua. Nikajua amenipata, na yeye akajua kwamba nimejua.

"Nimekuja na kichwa changu mwenyewe," nikasema. "Pisha."

Mwenyekiti alipiga makofi. Nilimkata jicho akaacha.

Nilikaa. Mkwe wangu alinifunga kile kitambaa shingoni, na vidole vyake vilikuwa baridi. Akauliza kwa sauti ya kazini, ile sauti yake ya zamani, "Tunafanyaje, mzee wangu?"

"Punguza msitu. Masikio yaache yalivyo, yaliyobaki."

Mashine ikalia. Na niseme ukweli, roho yangu ilikuwa juu juu, nilishika mikono ya kiti kama abiria wa nyuma kwenye mteremko. Lakini alianza vizuri. Alianzia upande wa kulia, akapanda taratibu kutoka shingoni, na nikasikia mvi zinaanguka begani. Aliniuliza habari za mama, yaani mke wangu. Nikamwambia mama yupo, ametundika zile picha. Akanipangusa mvi begani, akasema, "Nimezifikiria sana zile picha, baba." Nikasema hata mimi, kila nikila chakula zinanitazama. Watu wakacheka tena, na safari hii hata mimi nilitabasamu. Nilikuwa nimesahau jinsi mkono wake unavyokuwa mwepesi ukiwa mzima. Nikafumba macho. Nadhani nilisinzia.

Nilichoshtukia ni mashine kuzimwa.

Nikafumbua macho. Alikuwa amefika upande wa kushoto, juu ya sikio, lile lile lenye pengo. Kwenye kioo nilimwona nyuma yangu, jasho limemtoka, mkono wenye mashine unatetemeka. Sijui aliliona sikio akakumbuka nini. Mimi nikajikaza kisabuni nikisubiri lile neno lake. Nililisikia kabla hajalisema. Naweza, baba, naweza.

Akaiweka mashine mezani.

"Siwezi," akasema.

Akarudia, sasa kwa sauti ya kusikika, akimtazama Mama Karakana. "Siwezi kuendelea. Mikono imeanza. Naomba kukaa. Naomba na maji."

Mama Karakana alimletea kiti, Mwenyekiti akamletea maji kwa mikono miwili. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyemwambia jikaze. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, na nilipomtazama nikaona anajizuia kutabasamu. Binti yangu hakujizuia na chochote. Alikuwa analia wazi wazi, kilemba mkononi.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kioo na kichwa nusu. Kulia nimependeza, safi, kijana kabisa. Kushoto msitu umesimama kama ulivyokuja. Nilionekana kama watu wawili waliogombana.

"Nisamehe, baba," mkwe wangu akasema kutoka kwenye kile kiti. "Nimekuharibia tena. Nimeshindwa."

Nilikuwa na hasira, nisidanganye. Hasira zilikuwa zimeshafika kooni, na maneno yake yamejipanga, la kiti, la Miwani, la ufunguo. Lakini nilipomtazama kwenye kioo, amekaa na maji yake anayanywa kidogo kidogo, nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nakabidhiwa lori jipya. Wenzangu wote walikuwa wanasikiliza injini. Wanakanyaga mafuta, wanasikia linavyonguruma, wanatingisha vichwa kwa raha. Mimi nilikuwa nalipeleka kwenye mteremko mfupi nyuma ya gereji, na kitu pekee nilichotaka kujua ni kama litasimama. Likisimama, nalipeleka popote.

Asubuhi ya harusi mtu huyu hakuwa na breki. Nilimwambia simama hakusimama. Leo hakuna aliyemwambia, tena mbele ya mke wake, mkwe wake, na wodi nzima wanamtazama, amesimama mwenyewe. Na amesimama kidole kimoja kutoka kwenye sikio langu.

"Nani kakwambia umeshindwa?" nikasema. Sauti ilitoka vibaya, ikabidi nikohoe, na dawa yangu ya kikohozi ipo mlangoni. "Sikio lipo au halipo?"

"Lipo, baba."

"Basi."

Mama Karakana alichukua mashine. "Ngoja nikumalizie, mzee. Mimi si kinyozi lakini nitasawazisha."

"Usiniguse, mama." Nikajifungua kile kitambaa mwenyewe. "Nina kinyozi wangu. Daktari, huyu anatoka lini?"

"Tukiendelea hivi, siku chache zijazo," daktari akasema. "Ila atakuwa anarudi kliniki kila wiki, na dawa haachi. Na kuna siku zitakuwa kama leo, mzee, hilo mlijue. Siku za kusimama."

"Siku hizo atasimama. Mimi nina muda, nimestaafu." Nikamgeukia mkwe wangu. Nilitaka kumwambia mengi, kwamba nilimwita mvivu na haikuwa hivyo, kwamba nimemkosa, kwamba nyumba imekuwa kimya bila mashine yake kulia pale mbele. Nikamwambia, "Ukitoka uje umalize upande huu. Kwenye kiti chako."

Alielewa. Aliinama, mabega yakamtetemeka, na sikuona sababu ya kumkataza. Nilimpigapiga mgongoni mpaka yakatulia.

Mlangoni mlinzi alinipa chupa yangu, akanitazama kichwani, akafikiri, akaamua kunitakia safari njema. Binti yangu alinipa kilemba chake nijifunike.

"Sitaki."

"Baba, watu watakucheka."

"Wana meno, wacheke."

Na walicheka, tangu kituo cha basi mpaka nyumbani. Mama mmoja alinipisha kiti kwa huruma. Tulipofika, Miwani alikuwa keshafika, amekaa kwenye ngazi za chumba changu na begi la vifaa magotini. Aliponiona alivua miwani. Sikuwahi kuyaona macho yake kabla ya siku ile.

"Mzee! Nani kakufanyia hivi?"

"Mkwe wangu."

"Maskini. Nipe ufunguo nifungue, nikumalizie sasa hivi, dakika mbili tu."

Nikautoa ufunguo mfukoni. Binti yangu alikuwa nyuma yangu, nikasikia pumzi yake imesimama. Nilipita kando ya Miwani, nikafungua mlango, vumbi likatupiga sote. Kiti kilikuwa pale pale, kimefunikwa gazeti. Niliondoa gazeti, nikapangusa kwa mkono wa shati langu ngozi, mikono ya kiti na sehemu ya kuegemea kichwa. Kisha nikamwekea binti yangu ufunguo kiganjani.

"Nisamehe, ndugu yangu," nikamwambia Miwani. "Nilikuahidi, na leo naivunja ahadi. Kiti hiki kina mwenyewe."

Alinitazama kushoto, akanitazama kulia. "Yule yule aliyekuacha hivyo?"

"Yule yule," nikasema. "Kaniacha hivi, hakunikata."

Nilikaa na nusu kichwa mpaka siku aliyotoka. Nilikwenda nacho sokoni, nilikwenda nacho msibani, na mke wangu alitaka kuhama chumba. Kila aliyeniuliza nilimwambia kinyozi wangu yupo hospitali, anatibiwa pombe na sonona, na akitoka atamalizia. Nilisema kwa sauti, siyo chini chini.